Siku Niliyochimba na Zuhura

Tangu nirudi sijapata kukaa kwa amani. Nikienda msikitini naulizwa, nikienda dukani kununua chumvi naulizwa. Juzi Newala mjini mtu nisiyemjua kabisa alisimamisha pikipiki, akanisalimia vizuri, kisha akasema, "Samahani mzee, ni wewe uliyekwenda Ulaya kufukua makaburi?" Nikamjibu kwamba ni mimi, ila si kama alivyosikia. Akasema basi, inatosha, akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Kwa hiyo naandika, ili ninyi jirani zangu wa Makote na walimu wenzangu wa zamani msome mara moja, tuongee mambo mengine. Habari za pasipoti, viza na tiketi naziruka. Zilinichosha wakati ule na sitaki zinichoshe tena.

Binti yangu Zuhura mnamfahamu. Alikwenda Italia kusomea akiolojia, yaani elimu ya kuchimbua vitu vya watu wa kale, akabaki hukohuko akifanya kazi hiyo. Mama yake alipofariki tulizika siku ileile, baada ya swala ya alasiri. Zuhura alipata habari sisi tumeshatoka makaburini. Tangu hapo nikimpigia simu hapokei. Nikimwandikia ujumbe, hata uwe mrefu namna gani, anajibu, "Sawa baba." Halafu akamwambia shangazi yake, dada yangu Somoe, kwamba haoni tena sababu ya kurudi Makote.

Somoe alinipa habari hiyo huku anasugua sufuria, wala hakugeuka kunitazama. "Kaka," alisema, "huyu mtoto harudi kwa kuandikiwa. Mfuate."

Makote hadi Masasi

Niliondoka wakati wa kupulizia mikorosho salfa. Mashamba yote njiani yalikuwa yananguruma kwa mashine, na ule unga mweupe umetanda juu ya majani. Shamba langu nilimwachia jirani. Alinihakikishia kwamba ataanza na mikorosho yangu kabla ya yake, nikajua haitakuwa hivyo, nikamshukuru.

Somoe alinifungia korosho zilizobanguliwa, nazo nilizijua. Ambacho sikukijua ni kwamba chini ya nguo zangu alikuwa ameficha furushi la ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini tunavyochemsha na kumenya kwa vidole. Zuhura alivipenda tangu hajaota meno yote.

Kutoka Newala nilipata nafasi mbele kwenye gari la mzee mmoja anayepeleka mizigo Masasi. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi, tukashuka mteremko polepole hadi tulipokuta barabara imefungwa. Mitambo ilikuwa inachimba ubavu wa mlima. Kijana aliyeshika kibendera chekundu alituambia tusubiri kidogo, na kidogo chake kikawa mpaka jua likatoka. Watu walishuka, wakaanza kununua mihogo ya kuchoma kwa akina mama waliokuwa wamejipanga pale. Walijua kuliko sisi kwamba barabara itafungwa.

Nilipofika Masasi basi la Dar lilikuwa limeondoka. Nikapanga chumba karibu na stendi, nikala ugali kwa kunde nikitazama ile milima ya mawe inavyobadilika rangi jioni. Nikamwandikia Zuhura kwamba nimechelewa basi, nitapanda la kesho, bado nitaiwahi ndege. Akajibu, "Sawa baba."

Masasi hadi Dar es Salaam

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja wa Chidya, akaniambia nimwite Mama Asumpta. Alikuwa anakwenda Dar kumwuguza binti yake aliyejifungua. Alikuwa na kapu la vyakula kana kwamba Dar hakuna soko, na kabla hatujafika Ndanda alikuwa amenipa yai, ndizi na kipande cha kuku.

Tulipoipita Nangurukuru radieta ikaanza kuvuja. Dereva akaegesha pembeni. Utingo akapita akikusanya maji ya kunywa ya abiria, chupa baada ya chupa, akimimina na kuomba radhi. Tulikaa chini ya mti muda mrefu. Mama Asumpta akaniuliza safari yangu ni ya wapi, nami nikamweleza yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilijua hatutaonana tena.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwalimu, unakwenda kumtembelea au unakwenda kumchukua?"

Nikasema nakwenda kumwona.

"Hapo hujanijibu," alisema. "Akisema hataki kurudi, utafanyaje?"

Ni swali nililopaswa kujiuliza kabla sijaacha mikorosho. Mama Asumpta hakunisukuma zaidi, akanimenyea ndizi nyingine. Radieta ilizibwa kwa kitu ambacho fundi hakutaka tukione, tukafika Dar usiku, salama.

Angani, na ming'oko

Ndege niliipanda kwa utulivu kuliko nilivyotegemea. Tulibadilisha ndege Addis Ababa, na huko nilipotea kidogo nikifuata kundi la watu waliovaa vizuri, kumbe wanakwenda harusini nchi nyingine kabisa. Mfanyakazi mmoja wa uwanja aliitazama tiketi yangu, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka hadi mlangoni.

Matatizo yalikuwa Roma. Askari wa forodha alifungua begi langu, akaziona korosho, akazinusa, akazirudisha. Kisha akatoa lile furushi. Mimi mwenyewe nilishtuka kuliko yeye. Aliifungua kanga iliyofunga furushi, akakuta ming'oko, myembamba, ya kahawia, bado ina udongo udongo kwenye ganda.

"What is this?" akauliza.

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shuleni kwamba ni chakula, mizizi, ya mtoto wangu. Nadhani alisikia kwamba nimebeba mizizi ya kumtibu mtoto, maana aliita mwenzake, na mwenzake akavaa glovu. Nikaona njia ni moja. Nikachukua mng'oko mmoja, nikaumenya kwa kidole gumba, nikala mbele yao. Nikamenya wa pili, nikala. Wakatazamana, wakacheka. Lakini sheria yao haikucheka: mizizi kutoka nje haiingii. Walinirudishia kanga ikiwa imekunjwa vizuri, ming'oko ikaingia kwenye pipa.

Na Bruno barabarani

Zuhura hakuja kunipokea. Nilimkuta mzee mwenye masharubu meupe amenyanyua kipande cha boksi kilichoandikwa jina langu, HAMISI. Aliitwa Bruno, postamasta mstaafu wa kijiji kile, anayejitolea kuwasaidia wachimbaji kila majira ya joto. Hakujua Kiingereza hata kidogo, na mimi Kitaliano sijui. Alinionyesha picha ya Zuhura kwenye simu yake, akajigonga kifuani, nikaelewa kwamba ametumwa.

Mashamba ya kule ni ya ngano na mizeituni. Njiani Bruno alisimamisha gari, akatoa mkate uliojazwa nyama nyekundu iliyokatwa nyembamba sana. Nikauliza ni nyama gani. Hakuelewa. Nikaguna kama nguruwe na kutikisa kichwa, nikimaanisha kwamba siwezi kula. Akafurahi mno, naye akaguna, akaniongezea vipande vingine viwili. Nikaguna tena, nikaweka mikono kama naswali, nikaonyesha juu mbinguni. Hapo uso wake ukabadilika. Alirudi garini, akaniletea jibini na nyanya, akaula ule mkate wa nguruwe akiwa amenipa mgongo ili asinikwaze.

Kijijini jioni Zuhura alisimama mlangoni pa nyumba ya Bruno, ambako nilipangiwa kulala. Alikuwa amekonda, jua limemchoma shingo. Akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniuliza safari, nikamwambia nzuri. Akaniuliza shangazi hajambo, nikasema hajambo. Nikamweleza yaliyoipata ming'oko yake, nikamwonyesha nilivyokuwa namenya mbele ya askari. Akacheka, lile cheko lake la kuziba mdomo. Lilikuwa fupi. Kisha akasema kazi yao inaanza alfajiri, akaaga.

"Kesho twende wote," alisema akiwa hatua chache mbali. "Utakaa kivulini."

Siku ya kuchimba

Mahali penyewe ni kilima cha mwamba laini wa rangi ya asali. Zamani, kabla Warumi hawajawa na nguvu, waliishi pale watu walioitwa Waetruski. Walizika wafu wao katika vyumba walivyovichonga ndani ya mwamba, vyenye mlango na vitanda vya mawe, na kila maiti aliwekewa vyombo vyake. Hayo ndiyo makaburi mliyoyasikia. Mengi yaliibwa vitu zamani, mengine yalijaa udongo ulioteremka na mvua. Kazi ya akina Zuhura ni kuutoa udongo huo kidogo kidogo na kuandika kila kinachoonekana.

Mkuu wao ni mama mmoja mfupi, Daktari Marta, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Nilipomwambia sikuja kukaa kivulini alinipa kofia, ndoo na mwiko mdogo kama wa fundi mwashi, akaniweka nje ya mlango wa kaburi, penye udongo ambao alidhani hauna kitu. Akanionyesha: unakwangua, huchimbi. Udongo unauweka ndooni, ndoo inakwenda kwenye chekeche, na wanauchekecha kama unga.

Nilikwangua. Jua la kule si la baridi kama nilivyokuwa nikidhani. Kufika katikati ya asubuhi shati lilikuwa limeloa. Zuhura alikuwa ndani ya chumba, namsikia anavyopiga brashi. Tulikuwa mbali kwa urefu wa kitanda na hatukuzungumza.

Ndipo mwiko wangu ukagusa kitu. Nikafuta kwa vidole. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, kina mkunjo kama mdomo wa bakuli. Nikaingiza vidole chini yake nikashika ili nikivute, kama mtu anavyong'oa muhogo.

"Baba, acha!"

Zuhura alikuwa mlangoni, mkono ameunyoosha. Bruno alishusha toroli. Sijawahi kupigiwa kelele na mwanangu, na yeye alikuwa hajawahi kunipigia. Niliutoa mkono wangu.

Alinijia akapiga magoti pembeni yangu. "Samahani baba. Ukikivuta kinakatika, na hatutajua kilikaaje." Nikamwambia hakuna neno, hii ni kazi yako, mimi mgeni. Akachukua brashi yake, tukafuta wote wawili, yeye upande wake, mimi wangu, mpaka kikaonekana: kikombe cheusi chenye vishikio viwili, kimevunjika vipande vitano lakini vyote vipo palepale. Watu walikuja kutazama. Daktari Marta alinipa mkono wenye vumbi. Wakapiga picha, wakapima, na mimi nikakatazwa kukigusa, nikakaa nakitazama tu kama mkwe.

Baadaye Zuhura akaniita ndani. Niliinama kupita mlangoni. Mle kulikuwa na baridi ya kisimani. Juu ya kitanda cha jiwe kulikuwa na mifupa michache, myembamba, ya rangi ya chai, na karibu yake vitufe vya udongo vyenye tundu katikati.

"Ni vya kusokotea uzi," alisema. "Kwa hiyo tunadhani ni mwanamke. Mtu mzima."

Nikasoma dua yangu kimoyomoyo, maana marehemu ni marehemu. Zuhura alichukua brashi ndogo, akaanza kuondoa vumbi kwenye mfupa wa mkono, taratibu kama anayefuta machozi ya mtoto. Akasema bila kuniangalia:

"Huyu simjui hata jina, nami nimemsafisha kila kiungo. Mama yangu sikumgusa hata kucha."

Nikashika ukuta. Nje walikuwa wanaita kwamba chakula kiko tayari.

Mabeseni

Mchana jua linapokuwa kali wanaacha kuchimba, wanakaa chini ya turubai kuosha vigae vilivyopatikana. Kila mmoja ana beseni la maji na mswaki. Niliketi kwenye kigoda kando ya Zuhura. Vigae vilikuwa vya kawaida tu, vyekundu, vya mitungi na vyungu. Unatumbukiza, unasugua, unaweka juani.

Tulisugua mpaka maji yakawa tope, Zuhura akamwaga, akajaza mengine. Ndipo akauliza.

"Baba, mama aliogeshwa na nani?"

"Shangazi yako Somoe. Na Mama Abdu, na yule bibi wa nyuma ya msikiti."

"Maji yalitoka wapi? Shangazi aliniambia wiki ile bomba halikutoa."

"Halikutoa. Sisi tulikuwa na ndoo moja." Ilinibidi niache kwanza kusugua kigae changu. "Watu walipopata habari wakaanza kuja na maji. Kila nyumba ilileta. Mwingine ndoo, mwingine dumu, mwingine kijagi. Hakuna aliyeombwa. Wale Wakristo wa kule bondeni walikuja na pipa zima kwenye baiskeli. Mpaka tunakwenda makaburini maji yalikuwa yamebaki."

Aliinamisha kichwa juu ya beseni. Nilimwacha alie. Bruno alituona, akawahamisha wengine upande wa pili kwa kisingizio cha kahawa.

"Walimwoshaje?" aliuliza tena.

"Sijui, mwanangu. Mlango ulifungwa, na mimi ni mwanamume. Hayo muulize Somoe."

"Kwa nini hamkunisubiri?"

Safari nzima nilikuwa nalisubiri swali hilo, na maneno niliyoyatayarisha yote yalikimbia. Nikasema lililokuwepo. "Alifariki alfajiri. Wewe hata ungeruka siku ileile ungefika siku ya tatu. Dini yetu inasema tuharakishe, na mama yako mwenyewe aliniusia hivyo alipokuwa mgonjwa. Ukinirudisha siku ile, Zuhura, nitazika alasiri ileile."

"Najua nisingefika," alisema. "Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nilikuja kuambiwa kama jirani wa mbali."

"Simu yangu ilikuwa inalia kila upande. Wewe nilikuwa naogopa kukupigia. Nilijua nikisikia sauti yako nitashindwa kusimama."

Akanitazama. Nadhani hilo hakuwa amelifikiria, kwamba baba yake naye anaweza kushindwa kusimama. Alichukua kigae kutoka mkononi mwangu, maana nilikuwa nimekisugua mpaka karibu kitoboke, akakiweka juani na vingine.

Sikumwambia arudi nyumbani. Nilikuwa nimejibiwa lile swali la kwenye basi bila mtu kunijibu: sikwenda kumchukua.

Niliendelea kukaa pale kwa Bruno kwa muda, nikawa kila siku nakwenda kilimani. Nilipewa chekeche, kazi niliyoiweza. Kikombe changu cheusi kiliondolewa udongoni kikiwa kimefungwa plasta kama mguu uliovunjika. Siku ya kuondoka Bruno aliniletea mfuko wa nyanya na jibini, akaguna kama nguruwe, akatikisa kidole: hapana. Tulicheka mpaka Zuhura akatuuliza kuna nini.

Zuhura Makote

Nilirudi peke yangu. Mikorosho ilikuwa imechanua, na jirani, kama nilivyodhani, alianza na yake. Zuhura alikuja wakati wa kuokota korosho, bila kutangaza. Nilisikia bodaboda, nikatoka, nikamwona anashusha begi.

Watu walimjaa kumpa pole na kumtazama. Walipopungua, Somoe alimshika mkono, akamwingiza chumbani alimokuwa akilala mama yake, akafunga mlango. Walikaa humo hadi jua likaanza kushuka. Mimi nilikuwa nje natenganisha korosho na mabibo. Wakati mwingine nilisikia sauti ya Somoe, Chimakonde kitupu, na wakati mwingine kimya. Waliyozungumza siyajui na sijauliza. Walipotoka, macho ya wote wawili yalikuwa mekundu, na Somoe akasema tumpikie mtoto, ana njaa.

Kesho yake nilimwonyesha kaburi. Alikaa pale peke yake, nami nikamsubiri njiani.

Kazi yake iko kule, kwa hiyo hakukaa sana. Nilimsindikiza hadi Masasi. Stendi ilikuwa na kelele, wapiga debe wanavutania mabegi, na basi lake lilikuwa limeshawashwa. Alipanda, akafungua dirisha, akainama.

"Baba."

"Naam."

"Ikitokea tena, zikeni. Msinisubiri. Lakini nipigieni kwanza, simu iwekwe pale, nisikie."

"Msiba wa nani huo tena?"

"Wako, baba."

Mama mmoja aliyekaa karibu naye alishtuka, akasema astaghafirullah. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu wa basi, na Zuhura naye akacheka, mkono mdomoni. Utingo akapiga bati, basi likaanza kuondoka. Nikatembea nalo kidogo, nikamwambia sawa, nitamwambia Somoe.